Ukimtumia mama pesa, muulize pia presha

Hebu fungua simu yako uangalie jumbe za mwezi uliopita. Kuna pesa ulizomtumia mama kule nyumbani, labda za unga, labda za mbolea. Zilimfikia hata kabla hujarudisha simu mfukoni. Sasa jiulize: mara ya mwisho mama kupimwa presha ilikuwa lini? Na matokeo yalikuwa ngapi?

Kama hujui, hauko peke yako. Wengi wetu tunajua salio la M-Pesa na bando lililobaki, lakini hiyo namba ya mama hatuijui. Na presha haina kelele. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi akilima na kuchota maji, bila hata kuumwa kichwa. Kisha asubuhi moja unapigiwa simu: mama ameanguka, mkono mmoja haunyanyuki. Hapo ndipo mchango wa hospitali unaanza kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Tukisikia teknolojia ya afya, mawazo yetu hukimbilia roboti na akili unde. Si vibaya. Lakini kumbuka M-Pesa ilipoanza 2007. Wazazi wetu hawakuielewa kwa sababu walikuwa wataalamu wa simu. Waliielewa kwa sababu kulikuwa na wakala pale kona ya soko, mtu wanayemjua, aliyewaonyesha wabonyeze wapi. Afya nayo inahitaji wakala wake.

Na tayari yupo. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mikoba yenye mashine ya kupima presha, kifaa cha kupima sukari, mizani na kipimajoto. Juu ya hayo, kuna simu. Zamani mhudumu alibeba daftari kubwa, na ripoti yake ikachukua wiki kadhaa kufika kwa wakubwa. Siku hizi anaingiza matokeo kwenye programu akiwa bado amekaa sebuleni kwenu, na programu inamwongoza maswali ya kuuliza na ni nani wa kutumwa zahanati.

Usidhani pia lazima mgonjwa awe na simu ya bei ghali. Shirika la Jacaranda Health lina huduma ya SMS inayoitwa PROMPTS kwa akina mama wajawazito na waliojifungua. Mama akiwa na kabambe tu anauliza swali bila malipo. Kompyuta inachambua maswali, na likionekana la hatari, kwa mfano kutokwa damu, linasukumwa mbele ili mtu halisi amfuatilie mama huyo. Umeona? Mashine inapanga foleni, lakini mwisho wa laini kuna binadamu.

Tusidanganyane, hata hivyo. Simu haitoi dawa. Mama akitumwa zahanati akute rafu tupu, programu haijamsaidia. Wahudumu hawa nao wamelalamika mara kadhaa kwamba malipo yao huchelewa, na mtu mwenye njaa hawezi kuzunguka boma hadi boma kila siku. Kwa hivyo kiongozi akija kujigamba kuhusu mfumo wa kidijitali, muulize kuhusu dawa na malipo pia.

Wewe ufanye nini? Kwanza, mpigie mama leo jioni. Muulize, "Mama, mhudumu wa afya wa kijiji chetu ni nani? Alikupima lini?" Akisoma 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudi hivyo siku nyingine, aende zahanati. Ikifika 180 kwa 120, na kifua kinauma, anapumua kwa shida au maneno hayatoki vizuri, msingoje kesho. Apelekwe hospitali mara moja.

Pili, kama daktari alishampa vidonge, usimwachishe kwa sababu ya video uliyoona TikTok. Vidonge vya presha huendelea kunywewa hata mtu akijisikia poa. Weka kikumbusho kwenye simu yako, umpigie saa ya dawa.

Tatu, matokeo ya mama ni siri yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Usizimwage kwenye kundi la ukoo kabla hajakuruhusu.

Na wewe mwenyewe je? Usijifanye ni ugonjwa wa wazee. Ukipita kituo cha afya mtaani kwako, ingia ukapimwe. Halafu ukimpigia mama, mtajie namba yako kwanza. Atakuwa rahisi kukutajia yake.