Kijana amekosa shule katikati ya mwaka: afanye nini?

Wazazi wetu wa Mengo, Katwe na Kisenyi, wengi mnatuuliza: kijana aliyefika mwezi wa 6 angoje shule zifunguliwe mwezi wa 2? Hapana. Miezi 8 ya kukaa bure humharibu kijana.

1. SHULE. Mwaka wa masomo wa Uganda una mihula 3. Mwombeni mwalimu mkuu nafasi ya muhula unaofuata. Chukueni ripoti za zamani na karatasi za ukimbizi. Kama ripoti zilipotea, ombeni kijana apewe jaribio. Aliyesoma kwa Kifaransa huenda akarudishwa darasa la chini; si aibu. Kwa shule ya msingi, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki sawa na raia.

2. S.4. Msilipe karo kabla ya kuuliza: je, ataandikishwa UNEB mwaka huu? Uandikishaji hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani. Asiyeandikishwa hafanyi mtihani, hata akiwa amelipa karo yote. Vyeti vya Kongo au Burundi hulinganishwa kwanza na UNEB.

3. UFUNDI. Katwe wapo mafundi wa kuchomelea vyuma. Mitaani wapo washonaji na wasusi. Pataneni mbele ya shahidi: miezi mingapi, malipo kiasi gani, atafundishwa nini. Yaandikeni.

4. KIINGEREZA. Anayejifunza ufundi mchana asome Kiingereza jioni. Mwezi wa 2 ukifika, atakuwa tayari kurudi darasani.

Kabla ya kulipa chochote, mwoneni mhudumu wa jamii. Kuuliza ni bure.