GARI LA MCHINA: LINATENGENEZWA WAPI, NA KWA VIWANGO VYA NANI?



Hapa Lupiro, njia panda ya kwenda Mahenge na Malinyi, gari ni Toyota na pikipiki ni ya Mchina au ya Mhindi. Ikipita SUV ndogo ya Kichina, kijiwe kinagawanyika. Kundi la kwanza: "Feki hilo, RAV4 ya Mchina." La pili: "Siku hizi kila kitu China, poa tu." Mimi naona wote wamekosea swali. Wanabishana kuhusu nchi wakati cha kuuliza ni kiwango. Ngoja nifafanue.

LINATOKA WAPI?

Tuchukue mfano mmoja, Chery Tiggo ya kwanza. Kampuni ya Chery ilianzishwa 1997 katika mji wa Wuhu, jimbo la Anhui, kando ya mto Yangtze. Tiggo ikatoka 2005. Sura yake inafanana sana na RAV4 ya zamani, na hapo ndipo maneno ya "feki" yalipoanzia. Lakini ukifungua boneti, zile za mwanzo za lita 2.0 na 2.4 zilikuwa na injini za Mitsubishi, zilizotengenezwa kwenye kiwanda cha ubia mjini Shenyang, huko huko China. Baadaye Chery wakaweka injini zao wenyewe, Acteco, walizobuni kwa msaada wa AVL ya Austria.

Halafu si zote ziliunganishwa China. Vipande vilipakiwa kwenye makontena na kwenda kuunganishwa Misri kwa jina la Speranza, Iran kwa jina la MVM, Urusi kwa jina la Vortex Tingo, na Uruguay pia. Italia iliuzwa kama DR5! Gari ni lile lile, majina matano. Hata sisi tunao mtindo huu: pale Kibaha, mkoa wa Pwani, malori ya FAW ya China yanaunganishwa na Watanzania.

Kwa hiyo ukiambiwa "hili si la China, limetoka Misri", usishangilie haraka.

VIWANGO JE?

China wana viwango vyao vya taifa vinaitwa GB. Gari haliruhusiwi kuuzwa kwao bila alama ya lazima ya CCC. Kuna jaribio la kuligongesha ukutani uso kwa uso kwa kilomita 50 kwa saa. Hicho ndicho cha chini kabisa, kama pasi maksi ya shule.

Wazungu wana majaribio ya ziada ya Euro NCAP, yanayotoa nyota 0 hadi 5. Mwaka 2005 SUV ya Kichina Landwind iligongeshwa Ujerumani na chama cha wenye magari cha ADAC kwa kilomita 64 kwa saa. Matokeo yalikuwa aibu, bodi ilijikunja hadi kwenye kiti cha dereva. Sifa mbaya ya magari ya Kichina ilitokana sana na picha zile.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 2017 Global NCAP walijaribu magari yanayouzwa Afrika Kusini. Chery QQ3, bila hata mfuko mmoja wa hewa, ikapata nyota 0. Mwaka 2022 SUV ndogo ya Chery hao hao, Omoda 5, ikapimwa na Euro NCAP: nyota 5. Kampuni moja! QQ3 ni muundo wa zamani, sawa, lakini sababu kubwa ni kwamba Ulaya huwezi kupeleka kimeo kile, na kwetu unaweza.

Msidhani ni Wachina tu. Nissan NP300 Hardbody ya Afrika ilipata nyota 0 mwaka 2018, na hiyo ni kampuni ya Kijapani. Mwaka uliofuata waliigonganisha ikiwa mpya kabisa na Navara iliyotumika ya Ulaya ya 2015. Dereva wa ile mpya ya Afrika ndiye angeumia zaidi. Kiwanda kinatengeneza kulingana na kile ambacho nchi ya mnunuzi inadai.

Kwetu TBS ndio wenye viwango. Lakini ukaguzi wa gari lililotumika unaangalia kama ni zima: breki, usukani, taa, matairi, moshi. Haumwambii abiria atabaki salama vipi likigonga.

JINSI YA KUJUA MWENYEWE

Angalia chesisi namba ya tarakimu na herufi 17. Kwenye gari ipo kwenye kibati cha mlangoni au ndani ya boneti, kwenye pikipiki ipo shingoni pa usukani.

- Herufi ya kwanza: L ni China, J Japani, K Korea, W Ujerumani, S mara nyingi Uingereza. Boxer ya India inaanza na MD2.
- Tatu za kwanza ni mtengenezaji: LVV ni Chery, LGW ni Great Wall wenye Haval.
- Ya 10 kwa gari la China ni mwaka: A ni 2010, H ni 2017, L ni 2020.
- Herufi I, O na Q hazitumiki. Ukiziona, shtuka.

Toyota nyingi za mtumba kutoka Japani hazina namba 17, zina fupi kama ACA21 na kistari. Hiyo ni kawaida, si wizi.

Kisha linganisha na kadi. Zisipofanana, ondoka fasta, hata kama bei ni tamu.

Ukiwa na hela ya kununua, uliza matatu: ina mifuko ya hewa mingapi, ina ABS, na modeli hiyo hiyo ya soko letu imepata nyota ngapi? Muuzaji akijibu "ni ya Ulaya hii" bila kukuonyesha chesisi namba, hajajibu kitu. Ile milima ya kupanda Mahenge haijali nembo, na abiria wa nyuma ni mama zetu.

Mwenye SUV ya Kichina au fundi aliyezifungua atupe uzoefu hapo chini. Matusi hapana.

Naomba kuwasilisha.