Jina Lisilokuwemo Kwenye Orodha

Upo uchungu ambao watu wengi huona haya kuuombea mbele ya wenzao: uchungu wa kurukwa. Umetumika miaka mingi, barua za kupandishwa vyeo zinatoka, jina lako halimo. Uliyemfundisha kazi ndiye sasa bosi wako.

Frederick John Walker, ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza, aliujua uchungu huo. Alizaliwa Plymouth mwaka 1896. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maofisa wengi walitamani manowari kubwa zenye mizinga, kwani huko ndiko kulikokuwa na sifa. Yeye akasomea namna ya kuwinda nyambizi, kazi ambayo wakati huo haikuthaminiwa. Hadi miaka ya 1930 inakwisha, alikuwa amerukwa katika kupandishwa ukapteni, na mbele yake kulikuwa na kustaafu mapema.

Vita ikaja mwaka 1939. Nyambizi za Ujerumani zikawa zinazamisha meli zilizoipelekea Uingereza chakula na mafuta. Ghafla kazi iliyodharauliwa ikawa ndiyo inayotafutwa. Desemba 1941, Walker aliongoza ulinzi wa msafara wa meli 32 za mizigo kutoka Gibraltar. Wanamaji wengi walikufa, manowari mbili zikazama, lakini meli za mizigo zilizopotea zilikuwa 2 tu. Thelathini zilifika.

Hapa tunamkumbuka Yusufu katika Mwanzo 40 na 41. Mnyweshaji wa Farao alimsahau miaka miwili mizima, naye akabaki gerezani. Njaa ilipokaribia, Misri ilimkuta Yusufu hajaoza kwa kinyongo.

Lakini tusidanganyane. Si kila aliyerukwa huitwa tena, wala cheo hakiponyi kila jeraha. Walker alipata ukapteni mwaka 1942, na nishani ya DSO akatunukiwa mara nne. Mwaka 1943 mwanawe Timothy akapotea baharini na nyambizi ya Kiingereza aliyokuwa akitumikia. Baba aliyewinda nyambizi za wengine akaonja kilio kilekile cha wazazi wa Ujerumani, maana waliozama kule nao walikuwa watoto wa watu. Tarehe 9 Julai 1944 alifariki Liverpool kwa kiharusi, akiwa na miaka 48, kabla ya kuiona amani. Mwili wake ulizikwa baharini.

Basi uaminifu wake ulikuwa na faida gani, kama furaha ya cheo ilidumu miaka miwili tu? Waulize mabaharia wa zile meli 30. Walifika kwao kwa sababu mtu aliyerukwa hakuiacha kazi yake ilegee.

Mpendwa, Mungu hakukuahidi kwamba orodha ijayo itakuwa na jina lako. Lakini yupo mgonjwa, mwanafunzi au mteja ambaye usalama wake unategemea unavyofanya kazi wakati hakuna anayekusifu. Umlilie Mungu uchungu wako, anausikia. Kisha umtunze mtu huyo, hata kama hatalijua jina lako kamwe.