Amplifaya ya vali: Soma mgongo wake kabla ya kuivusha mpaka

BUSIA – Inasimuliwa kwamba neno boda boda lilizaliwa katika mji huu, enzi vijana walipovusha abiria kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Siku hizi pikipiki hubeba hata spika na magita kwenda Tororo, kwenye harusi na mikutano ya injili. Katika mizigo hiyo huonekana amplifaya ya vali, ile yenye vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa. Wapiga gita huipenda kwa utamu wa sauti yake. Kwa mfanyabiashara, hata hivyo, ni mali inayoweza kumeza faida yote kwa kosa la dakika moja.

Kosa la kwanza hutokea kwenye plagi. Kenya na Uganda zote hutumia umeme wa volti 240, kwa hiyo kifaa kinachofanya kazi Busia kitafanya kazi Tororo. Lakini amplifaya kuukuu iliyotoka Marekani huwa ya volti 120, na ya Japani volti 100. Plagi hubadilishwa na mtu yeyote; transfoma iliyo ndani haibadiliki kwa sababu ya plagi. Soma maandishi ya mgongoni. Yakisema 120, utahitaji transfoma ya kupunguza umeme. Wakati wa kuichagua, angalia wati ambazo mashine inavuta, si wati za sauti zinazotajwa na muuzaji. Amplifaya ya wati 50 za sauti huvuta umeme mwingi zaidi ya huo.

Kosa la pili ni fyuzi. Ikikatika, wapo wanaoizungushia karatasi ya sigara au waya ili kazi iendelee. Fyuzi ni mlinzi wa mlangoni. Ukimfunga mdomo, kitakachoungua ni transfoma, na hiyo ndiyo sehemu ya bei kubwa kuliko zote. Zima mashine, chomoa waya, isubiri ipoe, kisha toa vali kubwa na uweke fyuzi mpya ya kiwango kilekile. Fyuzi ikidumu, huenda vali moja ndiyo mbovu. Ikikatika tena, tatizo liko ndani zaidi. Mpelekee fundi.

Kabla ya kulipa, omba mashine iwashwe ikiwa imeunganishwa na spika yake. Amplifaya ya vali haipigwi bila spika, maana transfoma ya sauti inaweza kuungua. Omu za spika pia zilingane na zilizoandikwa kwenye tundu lake. Iache dakika kumi. Vali kubwa ikianza kuwa nyekundu kwenye bamba lake la chuma, zima mara moja. Gonga vali ndogo polepole kwa penseli ya mbao. Inayolia kama kengele imechoka. Punguza sauti hadi mwisho: mngurumo ukiisha, kagua kwanza gita na waya wake; ukibaki, huenda kapasita zimezeeka. Mikwaruzo unapozungusha vitufe mara nyingi ni vumbi tu, na dawa ya kusafishia huiondoa.

Kufungua boksi la chuma ni kazi ya fundi peke yake. Kapasita za ndani huweza kubaki na volti 400 au zaidi hata baada ya waya kuchomolewa. Fundi anayejua kazi huzimaliza chaji na kuzipima kwa mita kabla ya kugusa chochote. Asiyefanya hivyo, chukua mzigo wako uondoke. Vali kubwa nazo hubadilishwa zikiwa jozi iliyopimwa pamoja, kisha mkondo wake urekebishwe.

Njiani, vioo vikiwa moto huvunjika upesi. Acha mashine ipoe, toa vali, andika kila moja ilikotoka, uzifunge kwa nguo.

Kuhusu forodha, usidanganyike. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki. Amplifaya iliyotengenezwa China au Marekani haiingii humo, hata kama umeinunua sokoni Busia. Beba risiti. Ikiwa unavuka kwa matengenezo tu, waone maofisa wa kituo cha pamoja kabla hujatoka, waonyeshe namba ya mashine na uulize karatasi zinazotakiwa. Ukirudi nayo bila maandishi, utaeleza kwa shida kwamba ni ileile uliyotoka nayo asubuhi.