Seva Si Sanduku la Kufungia

Miongoni mwa maneno ya kigeni yaliyoingia katika vinywa vya wakazi wa Migori na Homa Bay katika miaka ya karibuni, sidhani kuna lililoingia kwa kishindo kama neno seva. Kabla ya Agosti 2017 hilo lilikuwa neno la mafundi wa kompyuta. Kufikia Septemba mwaka huo lilikuwa likitamkwa na wauza omena wa Mbita, na waendesha bodaboda wa Awendo, na akina mama waliokuwa wakisubiri matatu pale Rongo. Wote walikuwa na dai moja: seva ifunguliwe.

Mimi ni mtu wa isimu, na kazi yangu ni kuyasikiliza maneno. Katika sarufi ya Kiswahili, fungua ni kauli ya kutendua. Mtu hufungua kilichofungwa, huzibua kilichozibwa, huchomoa kilichochomekwa. Kitenzi hicho hakituambii mfunguaji anataka nini baada ya kufungua: kutazama tu au kutia mkono ndani. Katika utata huo mdogo wa lugha nchi nzima iligawanyika, na nadhani bado hatujauelewa vyema, ilhali uchaguzi mwingine mkuu unatungoja tarehe 10 Agosti 2027.

Tukumbushane yaliyotokea. Wakenya walipiga kura tarehe 8 Agosti 2017, na siku tatu baadaye Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ikatangaza matokeo ya urais. Wakati huo maelfu ya fomu 34A, zile zinazojazwa katika kila kituo, zilikuwa hazijaonekana. Marehemu Raila Odinga na mwenzake Kalonzo Musyoka wakaenda katika Mahakama ya Juu. Tarehe 28 Agosti mahakama hiyo iliamuru wadai wapewe fursa ya kuikagua mitambo ya tume, na amri yenyewe ilitaja wazi kwamba fursa hiyo ni ya kusoma tu. Tume haikuitekeleza amri hiyo kikamilifu. Miongoni mwa hoja ilizotoa ni usalama: ati kuifungua mitambo kungehatarisha data iliyomo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na hoja ya tume, tena bila kuwa mfuasi wa chama chochote. Data iliyohifadhiwa katika seva ina milango mitatu iliyo mbali mbali: mlango wa kusoma, mlango wa kuandika na mlango wa kufuta. Mtambo wowote uliosanidiwa vizuri unaweza kumruhusu mtu kupita mlango wa kwanza na kumzuia kabisa katika mingine miwili. Anaweza pia kupewa nakala kamili ya diski, akaikagua atakavyo bila kugusa ile asilia. Hatari ya data kuharibika iko katika kuandika na kufuta, na mtu mwenye uwezo wa kufanya hayo aghalabu si mgeni. Ni mwenye nywila halali, aliyekaa ofisini, ama kwa nia mbaya au kwa usingizi tu.

Mahakama iliutambua ukweli huo. Katika uamuzi wake wa tarehe 1 Septemba, uliosomwa na Jaji Mkuu David Maraga na kuungwa mkono na majaji wanne dhidi ya wawili, uchaguzi wa urais ulifutwa. Katika hukumu kamili ya tarehe 20 Septemba, majaji walio wengi walieleza kwamba kule kukataa kuonyesha kulikuwa na maana yake: ama mitambo iliingiliwa na watu wa nje, ama maafisa wenyewe waliichezea, ama tume haikutaka kukiri kwamba ilikuwa imeuvuruga mfumo wa kupeperusha matokeo. Katika fani ya kuhifadhi data hiyo ni kanuni ya kawaida kabisa. Seva isiyoweza kuthibitisha kwamba haikubadilishwa haina tofauti na seva iliyobadilishwa.

Bei ya jambo hilo tuliilipa huku. Tarehe 26 Oktoba 2017, uchaguzi uliporudiwa, kura haikupigwa katika kaunti nne: Homa Bay, Migori, Siaya na Kisumu. Barabara zilikuwa na mawe na moshi, vifaa havikufika, tume ikaahirisha, kisha ikaachana nalo. Na kabla ya hayo yote, mwishoni mwa Julai, Chris Msando, aliyekuwa kaimu mkurugenzi wa teknolojia katika tume, alikuwa amekutwa ameuawa. Sitaki kuongeza neno juu ya kifo hicho ila kwamba mfumo ambao usalama wake unategemea kichwa cha mtu mmoja humweka mtu huyo katika hatari kubwa mno.

Nisije nikaonekana kama ninawanyoshea wengine kidole tu. Miaka kadhaa iliyopita, wanafunzi wangu walinisaidia kurekodi masimulizi ya wazee wa Mfangano na Rusinga katika Kisuba, lugha ya Kibantu inayozidi kumezwa na Kijaluo. Sauti hizo zilihifadhiwa katika kompyuta ya idara moja ambayo sitaitaja, na nakala yake katika kompyuta ya pili iliyojisawazisha na ya kwanza kila usiku. Nililala fofofo nikijua nina nakala mbili. Siku moja kijana mmoja aliyekuwa akitafuta nafasi katika diski alifuta folda aliyodhani ni yake. Usiku ule mashine ya pili, kwa utiifu wa kustaajabisha, ikaifuta nayo. Tuliyoyapata tena yalikuwa katika kaseti chache ambazo sikuwa nimezitupa kwa sababu ya uvivu. Wazee wawili kati ya wale walikuwa wameshazikwa.

Tangu siku hiyo ninajua kwamba kioo si nakala. Nakala ya akiba ni ile isiyofuata mabadiliko ya asilia. Iliyoandikwa mara moja ikafungwa isiandikwe tena. Iliyokaa mbali, ikiwezekana bila kuunganishwa na mtandao wowote. Mafundi wana kanuni yao ya nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa mahali pengine. Nao huongeza sharti ambalo ofisi nyingi hulisahau: ijaribiwe. Nakala ambayo hakuna aliyewahi kuirejesha ni tumaini tu.

Kuna pia daftari la matukio, ambamo mtambo huandika nani aliingia, saa ngapi, akafanya nini. Daftari hilo likikaa katika seva ileile, mwizi hulipangusa akitoka. Kwa hiyo hupelekwa papo hapo katika mashine nyingine, chini ya mtu mwingine, nalo huruhusiwa kuongezwa tu, si kupunguzwa. Kisha iko ile alama ya faili, mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na faili nzima. Ukibadilisha hata mkato mmoja, alama inageuka. Alama hizo zikichapishwa gazetini siku ile ile, hata msimamizi mkuu wa seva hataweza kubadilisha kitu kimya kimya.

Mambo haya si mageni kwa watu wa hapa kama inavyodhaniwa. Mkulima wa miwa hubaki na risiti ya mizani, kwa maana anajua kwamba daftari la kiwanda si lake. Fomu 34A nayo, kwa sheria, lazima ibandikwe kwenye mlango wa kituo, na mawakala wapewe nakala zao. Hiyo ndiyo akiba bora tuliyo nayo, karatasi zilizotawanyika katika maelfu ya milango na mifuko. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeipa nguvu njia hiyo Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai, ilipoamua kwamba matokeo yanayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho.

Haki itendeke kwa tume pia. Mwaka 2022 iliweka picha za fomu 34A, kutoka vituo zaidi ya 46,000, mahali ambapo yeyote mwenye simu aliweza kuzisoma asiweze kuzigusa. Matokeo yalipingwa tena mahakamani, seva zikakaguliwa tena kwa amri, na tarehe 5 Septemba majaji hawakuona tofauti ya maana kati ya picha na karatasi. Wengi huku hawakufurahia hukumu hiyo. Hata hivyo, mlango wa kusoma ulipokuwa wazi, ubishi wenyewe ulibadilika, kwa sababu watu waliweza kutaja kituo na tarakimu.

Usiku wa kura ile nilikuwa katika shule moja ya msingi si mbali na Awendo. Niliipiga picha fomu iliyobandikwa mlangoni kwa taa ya simu. Siku mbili baadaye, nikiwa Homa Bay, niliitafuta ile ya tume na kuzilinganisha. Tarakimu zilikuwa zilezile, pamoja na saba moja iliyoandikwa kwa haraka hata ikafanana na moja. Kazi hiyo ilinichukua dakika kama nne, na sikuhitaji kumwomba mtu yeyote anifungulie kitu.