Mvumo Usio na Mwenyewe

Tarakilishi niliyoiunda nyumbani ilianza kuvuma pasi na sababu, na mvumo ukapenya katika rekodi za wazee wa Ukambani ninaowahoji. Si jambo dogo. Feni yenye mapanga 7, ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, huvuma kwa hezi 140, papo hapo ilipo sauti ya mwanamume anenapo. Nacho Kikamba hutofautisha maana kwa toni. Fundi mmoja alinihimiza ninunue feni zote upya (mafundi wetu hawa!). Nilizima mtambo, nikachomoa feni za kasha, ile ya prosesa nikaiacha, prosesa isije ikaungua. Nilipouwasha, mvumo ungalipo. Ndipo nilipolikandamiza bamba la ubavuni kwa kiganja: kimya! Parafujo ilikuwa imelegea, bamba likiitikia feni ya prosesa. Mzee niliyemhoji kwanza amekwisha kufariki. Rekodi yake imebaki na mvumo huo.