Ramani ya Mchangani

Vua viatu kwanza, kisha okota kijiti. Tuko Kashikishi, jirani kabisa na Nchelenge, ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia. Tia alama mchangani pale uliposimama. Watoto wengi huanzishiwa ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani. Wanatafuta kwao, hawapaoni. Wewe anzia kwenye unyayo wako.

Mtoto wa Mombasa au Dar es Salaam huliona jua likichomoza baharini. Kwako ni kinyume: asubuhi jua hutokea nyuma ya nyumba, upande wa mashamba ya muhogo, na jioni huzama ziwani. Basi ukilitazama ziwa, umetazama magharibi. Kusini ni mkono wako wa kushoto, kaskazini ni wa kulia.

Sasa chora ziwa lenyewe. Ni refu, kama kilomita 130 toka ncha hadi ncha. Kushoto kwako chora mto Luapula ukiingia kupitia vinamasi. Kulia, mbali, chora Luvua ukitoka pale Pweto, nchini Kongo.

Chovya kidole majini. Tone hilo litakwenda wapi? Nchi yako imepata jina lake kwa mto Zambezi, na Zambezi humwaga maji Bahari ya Hindi, lakini tone lako halifuati njia hiyo. Litatokea Pweto, lishuke na Luvua, liingie Lualaba, Lualaba iwe mto Kongo, na safari iishie Bahari ya Atlantiki, upande wa pili wa Afrika. Msafiri David Livingstone alifika kwenye ziwa hili tarehe 8 Novemba 1867, akatumaini kwamba maji haya ndiyo chanzo cha Nile. Alifariki mwaka 1873 kusini mwa Ziwa Bangweulu, karibu na vinamasi vinavyoilisha Luapula yako, bado akikitafuta chanzo hicho.

Mchoro wetu unadai mstari mmoja zaidi. Mwaka 1894 Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa akiitawala Kongo, walikubaliana juu ya mpaka. Uunyooshe toka Luvua inapotoka ziwani hadi Luapula inapoingia, lakini ukikaribia kisiwa cha Kilwa uupinde, maana ndivyo walivyoandika: kisiwa kiwe cha Waingereza. Ndiyo sababu leo Kilwa ya kisiwani iko Zambia, na mji wa Kilwa, ng'ambo ya maji, uko Kongo. (Kilwa ya Tanzania ni nyingine tena, kule pwani ya Bahari ya Hindi.) Ng'ambo wanazungumza Kiswahili, kwenu Kibemba. Mpaka huo napenda kuufundisha kwa kijiti, kwa sababu mtoto akiupinda kwa mkono wake anaelewa kwamba kuna watu waliouchora.

Tuje kwenye samaki. Chisense unawajua: wadogo kama dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, asubuhi huanikwa mchangani mpaka ufukwe unameta. Wakishakauka hupakiwa kwenda miji ya migodi ya Copperbelt. Yuko pia samaki aitwaye pale, mpana mwenye nyama tamu. Mtaala wa Zambia wa mwaka 2013 uliagiza madarasa manne ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo, na huku lugha hiyo ilikuwa Kibemba. Nilifurahi kweli, maana mwalimu aliweza kumwita samaki kwa jina lile lile analomwita mama sokoni.

Tangu Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Najua miezi hiyo nyumbani huwa migumu. Lakini Luapula una kisa chake, na kisa hicho ni cha mpumbu.

Mpumbu alikuwa samaki mkubwa wa ziwani. Mvua zikinyesha na mto ukifura, walipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Watu waliwangoja kwa nyavu hapo hapo njiani, matumbo yao yakiwa yamejaa mayai, na mayai hayo yalipendwa kuliko nyama. Nyavu zikaongezeka, wanunuzi wa migodini nao wakaongezeka. Waliokamatwa kabla ya kutaga hawakuacha watoto. Katika miaka ya 1940 na 1950 makundi yale yalipungua, yakapungua, mpaka mto ukafura bila mpumbu.

Kwenye mchoro wako Luapula bado ni mtupu. Nenda kwa mzee wa umri mkubwa kuliko wote kijijini, umwamkie, ukae chini, umuulize mayai ya mpumbu yalikuwa na ladha gani. Akikujibu, rudi hapa na kijiti chako, umchore samaki huyo mtoni, kichwa kikielekea juu.